Baba, Mtoto na Baiskeli Iliyoibwa



Nilipokuwa mwanafunzi wa seminari, jioni moja ya baridi kali, padre mmoja mmisionari aliwasha jenereta, akatundika shuka jeupe ukutani, akatuonyesha filamu ya zamani ya kwao Italia, isiyo na rangi. Kitaliano hatukukijua, yeye mwenyewe alitufasiria. Ilipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Wengi tulikuwa tukifuta machozi gizani. Iringa tumewajua Waitaliano tangu Wamisionari wa Konsolata walipofika mwaka 1919, lakini jioni ile ndipo nilipomwona Mwitaliano maskini kwa mara ya kwanza.

Filamu ile ni Wezi wa Baiskeli ya mwaka 1948. Aliyeiongoza ni Vittorio De Sica, aliyefariki karibu na Paris tarehe 13 Novemba 1974. Katika mwezi huu wa kuwaombea marehemu, napenda tumkumbuke.

Alizaliwa tarehe 7 Julai 1901 katika mji mdogo wa Sora, akakulia Napoli. Baba yake alikuwa karani wa benki, na nyumbani fedha hazikutosha. Kijana Vittorio alikuwa na sura nzuri na sauti ya kuimba, akaingia kwenye maigizo. Kufikia miaka ya 1930 Italia nzima ilimpenda kwa vichekesho vyake. Angeweza kuishia hapo.

Vita vilimbadilisha. Wajerumani walipoikalia Roma, yeye alikuwa akitengeneza, kwa msaada wa Kanisa, filamu kuhusu wagonjwa wanaokwenda kuhiji Loreto. Sehemu ya kazi ilifanyika katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, na watu waliokuwa wakiwindwa, Wayahudi wakiwamo, walipata hifadhi miongoni mwa waigizaji wake.

Baada ya vita aliacha majumba ya kifahari, akapeleka kamera mitaani. Pamoja na mwandishi Cesare Zavattini, alisimulia habari za watoto wang'arisha viatu, za wazee wenye pensheni ndogo, na za Antonio, baba asiye na kazi. Antonio anapata kazi ya kubandika matangazo, lakini lazima awe na baiskeli. Yake iko rehani. Mke wake anatoa mashuka ya kitanda yawekwe rehani badala yake. Siku ya kwanza kazini, baiskeli inaibwa. Jumapili nzima baba na mwanawe Bruno wanaitafuta Roma yote. Wanaingia hata kanisani, ambako maskini wanasalishwa kabla ya kupewa supu, na shida ya Antonio inaonekana kuwa fujo tu katikati ya ibada. Sehemu hiyo hunichoma mimi padre kila niikumbukapo.

Mtayarishaji mmoja wa Marekani alikuwa tayari kutoa fedha, mradi Antonio aigizwe na nyota Cary Grant. De Sica alikataa. Alimchukua Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwandani ambaye hakuwahi kuigiza. Dunia ililia pamoja naye, na tuzo zikaja. Lakini Maggiorani aliporudi kiwandani, baadaye alipunguzwa kazi. Watu walimwonea huruma Antonio wa kwenye filamu. Lamberto wa kweli akahangaika kama wengine.

De Sica mwenyewe hakuwa mtakatifu. Alipenda kamari, na mara nyingi aliigiza katika filamu za hovyo ili apate fedha. Kwa miaka mingi aligawanyika kati ya familia mbili. Huenda ndiyo maana hakumhukumu mtu yeyote katika filamu zake. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikano iliorodhesha filamu 45 zenye thamani ya pekee, na Wezi wa Baiskeli ikawamo.

Sasa sikilizeni mwisho wake. Antonio, akiwa amekata tamaa, anaiba baiskeli ya mtu. Anakamatwa, umati unamzunguka na kumpiga makofi. Bruno anafika analia. Mwenye baiskeli anamtazama mtoto, kisha anaamua kutomshtaki baba. Wawili hao wanaondoka wameshikana mikono.

Ndugu zangu, mitaani kwetu, Mbeya hata Iringa, mtu akiitiwa mwizi kwa sababu ya pikipiki au gunia la viazi, mawe hutangulia maswali. Nimewahi kumzika kijana aliyeuawa hivyo. Mwanawe, wa umri kama wa Bruno, alisimama kando ya kaburi bila kulia. Baadhi ya waliokuwapo siku ile ya mawe walikuwa waumini wangu, na Dominika iliyofuata walikuja Misani.

Wizi ni dhambi, na aliyeibiwa ana haki ya kwenda polisi. Lakini Bwana wetu, alipoletewa mwanamke wa kupigwa mawe, aliinama akaandika chini, akawapa wenye mawe nafasi ya kujitazama. Mwenye baiskeli yule wa Roma alihitaji kumtazama mtoto tu. Ukisikia kelele za mwizi wiki hii, usiokote jiwe. Tazama kwanza kama kuna mtoto anayekuja nyuma analia.

Nawatakia Dominika njema.