Giovanni Gabrieli: Mtunzi aliyewatengea wapulizaji nafasi yao

JINA la Giovanni Gabrieli ni maarufu miongoni mwa wapigaji tarumbeta na tromboni, ijapokuwa mtunzi huyu aliaga dunia zaidi ya miaka 400 iliyopita.

Alizaliwa Venice, Italia, katikati ya miaka ya 1550. Alilelewa kimuziki na mjombake, Andrea Gabrieli, kisha akiwa kijana akaenda Munich kuhudumu chini ya bingwa Orlando di Lasso. Mnamo 1585, mwaka ambao mjombake alifariki, alithibitishwa kuwa mpiga kinanda wa kanisa la Mtakatifu Marko, Venice.

Watunzi wa jiji hilo walikuwa na mazoea ya kugawa waimbaji makundi yanayojibizana kutoka pande tofauti. Gabrieli aliwapa wapigaji ala fursa hiyo hiyo.

Enzi hizo, mtunzi aliandika noti tu. Ala ipi ipige nini lilikuwa jambo la wapigaji kuamua. Katika kitabu alichochapisha mwaka wa 1597, Gabrieli aliuvunja utaratibu huo. Kwa kibao chake Sonata pian e forte, alitaja kila ala: kundi la kwanza korneto, yaani pembe ya mbao yenye matundu ya vidole, pamoja na tromboni tatu, la pili fidla ya sauti nzito na tromboni tatu nyingine. Aidha, alionyesha mahali pa kupiga kwa upole na mahali pa kupaza. Ni miongoni mwa kazi za kwanza kuchapishwa zikiwa na maagizo hayo.

Alifariki Agosti 1612, akimwachia pete mwanafunzi wake Mjerumani, Heinrich Schütz, aliyeeneza mafunzo yake kwao. Mkusanyiko mwingine wa vibao vyake vya ala ulichapishwa 1615, kimojawapo kikiwa na sehemu 22.

Hata hivyo, mitindo ilibadilika na jina lake likafifia. Ni mwaka wa 1834 ambapo msomi Mjerumani, Carl von Winterfeld, alichapisha utafiti uliomfufua. Mnamo 1968, wapulizaji wa okestra za Philadelphia, Cleveland na Chicago waliungana kurekodi kazi zake.

Korneto zilikuwa zimetoweka katika okestra, nafasi yake ikatwaliwa na tarumbeta. Lakini yale majibizano ya makundi, upole na kishindo, yalisikika jinsi alivyoyaagiza, kwa kuwa aliyaweka kwenye maandishi.