Sven Wingquist, fundi aliyeuliza rulema inakufa juu ya nini

Wandugu wa ku mugodi, hizi herufi tatu SKF mnazijua. Ziko kwenye boksi za rulema ku magazini, ku atelye ya umeme, mpaka ku soko wanakouzisha za bandia. Mwenye kuanzisha hiyo kazi ndiye hatumzungumzii. Leo tunamzungumza, juu habari yake inatugusa sisi tunaolaumiwa kila moteri inaposimama.

Sven Wingquist alizaliwa 1876 ku Hallsberg, inchi ya Uswidi. Alisoma ufundi, kisha mambo ya viwanda vya nguo. Mwaka 1899 aliingia kazi ku Göteborg, kwenye kiwanda cha nguo cha Gamlestaden, kutunza mashini. Hakuwa patron. Alikuwa mtu wa kuitwa wakati kitu kimevunjika.

Na vilivunjika kila mara. Wakati ule mashini za kufuma hazikuwa na moteri moja-moja. Mihimili mirefu ya chuma ilizunguka juu chini ya dari, mikanda ikashusha nguvu ku kila mashini. Rulema moja ikikwama, mstari wote unasimama. Kuagiza zingine toka inchi ya inje kulikuwa bei kali na kungojea siku mingi. Zikifika, nazo zinakufa.

Ingekuwa rahisi kusema wapaka mafuta ni wavivu. Wingquist aliangalia chini ya miguu. Kiwanda kilisimama juu ya udongo wa mfinyanzi, laini, usiotulia. Jengo likicheza kidogo, mhimili haunyooki tena, na rulema ya wakati ule haikukubali mhimili wa kuinama. Gololi zinabanwa upande mmoja, joto linapanda, chuma kinamegeka. Rulema ilikuwa maiti tu. Mwuaji alikuwa udongo.

Udongo hakuweza kuuhamisha. Basi akabadilisha rulema: mistari miwili ya gololi, na pete ya inje akaichonga ndani kwa mviringo, kama upande wa ndani wa mpira. Mhimili ukiinama, gololi na pete ya ndani zinainama nao, hakuna kinachobanwa. Hiyo ilikuwa 1907. Mwaka ule ule SKF ikazaliwa, yeye akiwa mkurugenzi wa miaka 30, na akaiongoza mpaka 1919. Katika 1916 walinunua kiwanda cha chuma cha Hofors, juu rulema nzuri inaanza na chuma kizuri. Hata Volvo, mnayoona malori yake kila siku, ilitoka tumboni mwa SKF. Mwaka 1919 Arvid Palmgren, injinia wa nyumba ile, alifuata wazo lile lile akaweka vipipa fasi ya gololi, na rulema za namna hiyo zinabeba mizigo mizito ya mashini za kuponda mawe. Wingquist alikufa 1953.

Sasa tuseme ya kwetu. Fasi moja, hatuitaji jina, mpaka grese alikatwa mshahara juu moteri ya pompi ilikula rulema tatu mfululizo. Tulipoomba kuziona, zilikuwa zimekwisha kutupwa. Nani atajua tena? Rulema iliyokufa inasema. Alama zikikaa mshazari ndani ya pete, moteri na pompi havikunyooshwa sawa. Mistari-mistari kama ubao wa kufulia, umeme umepita ndani ya rulema. Hiyo tunaiona sana ku moteri zenye kifaa cha kubadilisha mbio. Kutu ni maji. Vishimo vyenye nafasi sawa kama gololi zenyewe, wameipiga nyundo wakati wa kuiweka, ao moteri ilisimama siku mingi karibu na mashini inayotetemeka. Na grese ikizidi inaua pia, juu inapasha joto: hapo tu ndipo mpaka grese anaulizwa, na hata hapo, ni nani alimpa kipimo?

Wajumbe wa sendika wanaomba hivi ku kila atelye: rulema isitupwe. Ifungwe ndani ya mfuko na grese yake, bila kuisafisha, iandikwe namba ya moteri na tarehe, na mjumbe aione mbele ya barua yoyote ya adhabu kusainiwa.