Elija Masinde na Soko Lisilo Huru

Wengi wanaomtaja Elija Masinde humtaja kama nabii, mwasisi wa Dini ya Msambwa. Wasomi wa utandawazi hawamtaji kabisa, ilhali mgongano wa biashara na haki za binadamu wanaoujadili ulimpata nyumbani kwake Kimilili miaka mingi kabla ya istilahi hizo kubuniwa.

Alizaliwa Maeni yapata mwaka 1910, akapata elimu yake katika misheni ya Friends, kisha akatengana nayo alipooa mke wa pili. Ujanani alikuwa mwanakandanda hodari. Mwaka 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage, lililofadhiliwa na kampuni ya sabuni ya Uingereza. Sabuni ilivuka bahari na mipaka bila kipande. Mwanamume Mwafrika hakuweza kuacha kazi ya mlowezi na kutafuta nyingine kabla ya mwajiri kutia sahihi kwenye kipande chake.

Jirani na Kimilili ni Trans Nzoia. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ardhi yake iligawiwa walowezi, na mwaka 1926 reli ikafika Kitale kubeba mahindi yao. Hilo ndilo lililoitwa soko. Lakini tulitazame vizuri soko hilo. Mwaka 1942, vita vya pili vilipopamba moto, serikali iliruhusu Waafrika waandikishwe kwa lazima kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, mashamba ya watu binafsi. Mlowezi alihakikishiwa bei ya mahindi yake. Mkulima Mwafrika alilipwa bei ya chini kwa zao lilo hilo. Mkono ulishurutishwa na bei ikafuata rangi ya ngozi.

Katika hali hiyo Masinde aliongoza upinzani dhidi ya amri za serikali mwaka 1944, akafungwa. Mwaka 1945 alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, akakaa hadi 1947. Kwangu mimi, kumwita mwendawazimu kulikuwa rahisi kuliko kumjibu.

Alipotoka aliwakusanya watu Chetambe, walikouawa Wabukusu na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Februari 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wake huko Malakisi, wakafa 11. Dini ikapigwa marufuku, naye akahamishiwa Lamu hadi uhuru ulipokaribia. Si kila kilichotendwa kwa jina la Msambwa kinateteka. Wafuasi walituhumiwa kuchoma makanisa na shule. Hata hivyo, madai ya ardhi na kazi hayakuwa ndoto.

Uhuru ulipowadia, mashamba ya walowezi yaliuzwa, na wananchi wakakopeshwa fedha za kununua ardhi ambayo awali iligawiwa walowezi. Masinde aliendelea kusumbua. Mwaka 1968 Dini ya Msambwa ilipigwa marufuku tena, safari hii na serikali ya Waafrika, naye akarudi kifungoni. Aliachiliwa mwaka 1978, akafariki mwaka 1987.