Mwenye Heri Niels Stensen, Askofu Aliyeusoma Mchanga

Tunapojenga kanisa la kigango, mchanga huletwa kwa lori, hupimwa kwa ndoo, huchanganywa na saruji, na hakuna anayeuliza ulikotoka. Katika karne ya kumi na saba alikuwako mtu aliyeuliza, na jibu alilolipata ndilo mmojawapo wa misingi ya elimu ya miamba hata leo. Jina lake ni Niels Stensen, ambaye wataalamu humwita Steno kwa Kilatini. Mtu huyo alikufa akiwa askofu Mkatoliki, naye Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye Heri tarehe 23 Oktoba 1988.

Alizaliwa Copenhagen, nchini Denmark, mwaka 1638, katika familia ya Kilutheri. Baba yake alikuwa sonara. Alipokuwa mtoto mdogo aliugua kwa miaka kadhaa, hivyo alikulia zaidi kati ya watu wazima waliozungumza mambo ya dini kuliko kati ya watoto wenzake. Alisomea uganga, na mwaka 1660, akiwa Amsterdam, alikuwa akipasua kichwa cha kondoo alipogundua mrija unaopeleka mate kinywani kutoka kwenye tezi iliyo karibu na sikio. Mrija huo, ambao sisi sote tunao, bado unaitwa kwa jina lake. Baadaye alionyesha kwamba moyo ni msuli, wakati wengi walidhani kuwa ndani yake mna joto la pekee linaloupa mwili uhai. Kijana huyo alikuwa na tabia moja: hakukubali neno kwa sababu tu limerudiwa na wengi. Alichukua kisu akatazama mwenyewe.

Mwaka 1666 alifika Florence, Italia, akapokewa na Mtawala Ferdinando II wa ukoo wa Medici. Mwezi Oktoba mwaka huo wavuvi walimnasa papa mkubwa sana karibu na bandari ya Livorno, na kichwa chake kikapelekwa kwa Stensen ili akipasue. Alipoyatazama meno ya samaki yule, aliona kwamba yanafanana kabisa na vijiwe vilivyochongoka ambavyo watu walivichimba katika miamba ya kisiwa cha Malta. Vijiwe hivyo viliitwa ndimi za mawe. Wasomaji wanakumbuka katika Matendo ya Mitume jinsi nyoka alivyomshika Mtume Paulo mkono huko Malta bila kumdhuru. Watu wa zamani waliviunganisha vijiwe hivyo na habari hiyo, wakavivaa na kuvitumia kama kinga dhidi ya sumu. Wasomi wengine walidhani kuwa huota vyenyewe ndani ya mwamba.

Wachache walikwisha kusema kabla ya Stensen kwamba hayo ni meno. Yeye aliuliza zaidi: kitu kigumu kinaingiaje ndani ya kitu kingine kigumu? Alijibu kwa njia iliyo nyepesi hata mtoto anaweza kuielewa. Ukikanyaga saruji mbichi, unyayo wako hubaki, na saruji haiubadilishi mguu. Vivyo hivyo, kama mwamba umechukua umbo la jino, basi jino lilikuwa gumu wakati mwamba ulikuwa bado laini. Mwamba ule, kwa hiyo, ulikuwa matope au mchanga chini ya maji.

Hapo ndipo mchanga ulipoanza kuzungumza. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1669, Stensen alieleza kwamba maji yaliyochafuka yakitulia, chembe zilizomo huzama kwa uzito wake na kulala tabaka juu ya tabaka. Basi tabaka la chini limetangulia, na la juu limefuata. Matabaka hulazwa sawasawa. Tukiyakuta yameinama mlimani, ujue kuna kitu kilichoyasukuma au kuyavunja baadaye. Na tabaka lenye vipande vya mwamba mwingine ndani yake ni dogo kwa umri kuliko mwamba huo. Mtu yeyote anaweza kuyaona haya ukingoni mwa mto uliokatwa na mafuriko.

Leo tunaweza kuifuata safari hiyo kwa ukamilifu zaidi. Mchanga si dutu ya aina moja. Ni jina la ukubwa: punje zenye upana wa kati ya takriban sehemu 6 za mia za milimita na milimita 2, za jiwe lolote lile. Chukua mawe makubwa ya graniti kama yale ya Mwanza. Jua na mvua huyapasua, maji huozesha madini yaliyo dhaifu na kuyageuza udongo wa mfinyanzi, na yale yaliyo magumu hubaki kama punje. Gumu kupita mengi ni kwatsi, jiwe linalong'aa kama kioo, na ndiyo sababu mchanga mwingi wa mito umejaa kwatsi. Mito huubeba, huusaga, huupeleka baharini. Huko hulala, hugandamizwa, huwa mwamba tena, nao mwamba huo ukiinuliwa huanza kumomonyoka upya. Punje moja inaweza kuwa imepita njia hiyo zaidi ya mara moja.

Lakini mchanga mweupe wa fukwe za Unguja una asili nyingine: ni matumbawe na makombe yaliyovunjika. Sehemu yake imepita hata tumboni mwa samaki aitwaye pono, anayetafuna matumbawe kwa mdomo wake mgumu na kuyatoa yakiwa unga. Wanaolala juu ya mchanga huo kupunga upepo pengine hawahitaji kuambiwa hilo.

Kwatsi hiyo hiyo Stensen aliichunguza katika fuwele zake kubwa, akaona kwamba hata fuwele zikitofautiana kwa ukubwa na umbo, pembe kati ya nyuso zake zilingananazo hubaki zile zile. Kuhusu umri wa dunia, yeye aliyapanga aliyoyaona katika maelfu machache ya miaka pamoja na Gharika, kama wenzake wengi wa wakati ule. Sayansi imekwisha kuonyesha kwamba ni mamilioni mengi mno. Hatuoni kwamba jambo hilo linampunguzia heshima, kwa kuwa njia ya kuhesabu ilianzia kwake.

Kitabu kile kilikuwa utangulizi tu wa kitabu kikubwa zaidi alichokiahidi. Hakukiandika kamwe, kwa sababu swali jingine lilikwisha kumshika. Huko Livorno aliyatazama maandamano ya Ekaristi katika Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, akajiuliza: ama hiki ni kipande cha mkate na hawa wote wamepotea, ama ni Mwili wa Kristo, na kwa nini mimi siuheshimu? Alilichunguza swali hilo kama alivyochunguza jino la papa, akisoma maandiko ya Mababa wa Kanisa na kuzungumza na Sista Maria Flavia, mtawa aliyehudumu katika duka la dawa la monasteri, na mama mmoja wa Lucca, Lavinia Arnolfini. Mwaka 1667 akaingia Kanisa Katoliki.

Gharama yake haikuwa ndogo. Aliporudi kwao kufundisha anatomia mwaka 1672, alijikuta mgeni katika mji aliozaliwa, na baada ya miaka miwili akaondoka. Mwaka 1675 alipewa Daraja Takatifu ya Upadre huko Florence. Mwaka 1677 akawekwa wakfu kuwa askofu, mwekaji wakfu akiwa Mtakatifu Gregorio Barbarigo, na kutumwa kuwahudumia Wakatoliki wachache waliotawanyika kaskazini mwa Ulaya. Akiwa Hannover, Münster, Hamburg na hatimaye Schwerin, aliuza pete na msalaba wake wa kiaskofu ili kuwasaidia maskini, akafunga mno, akavaa nguo zilizochakaa. Alipoona uchaguzi wa askofu wa Münster mwaka 1683 umechafuliwa kwa fedha, alikataa kuuunga mkono na kuondoka. Wapo wanaosema sayansi ilimpoteza mtu mkubwa. Ni kweli ilimpoteza, na Wakatoliki wa Schwerin walimpata.

Alikufa huko tarehe 5 Desemba 1686, akiwa na umri wa miaka 48, katika maumivu makali. Cosimo III, aliyemrithi Ferdinando, aliomba mwili wake uletwe Florence, nao ukazikwa katika Kanisa la San Lorenzo. Wanaokwenda kusali kaburini pake hupita kati ya nguzo za kijivu zilizochongwa kwa jiwe la vilima vya jirani, na jiwe hilo ni mchanga ulioganda.