Bessie Head: Mwandishi aliyekataa kuuficha ugonjwa wake

Tarehe 6 Julai mwaka 1937, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Fort Napier mjini Pietermaritzburg, Afrika Kusini, alizaliwa mtoto wa kike ambaye mama yake alikuwa mgonjwa aliyelazwa humo humo.

Mama alikuwa Mzungu kutoka katika ukoo wenye mali. Baba alikuwa mtu mweusi ambaye jina lake halikupata kujulikana.

Mtoto huyo ni Bessie Head, ambaye baadaye alikuja kuwa miongoni mwa waandishi mashuhuri wa bara la Afrika, na ambaye vitabu vyake vilienea barani kote kupitia mfululizo wa African Writers Series.

Lakini kabla hajaandika hata mstari mmoja, na kabla hajaugua hata siku moja, alikuwa amekwisha kutabiriwa kuwa kichaa.

Mtoto aliyerudishwa

Mama yake, Bessie Amelia Emery, alikuwa amepatwa na misiba mizito. Mwanawe wa kwanza alifariki dunia katika ajali ya gari, na ndoa yake ikavunjika.

Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba familia ilimfungia hospitalini kwa aibu ya mimba ya mtu mweusi. Bessie mwenyewe aliamini hivyo. Waliochunguza maisha yake wameonyesha kwamba mama huyo alikuwa ameanza kutibiwa kabla ya mimba hiyo.

Hata hivyo, katika nchi ambayo tangu mwaka 1927 sheria ilikataza mahusiano ya kimwili nje ya ndoa baina ya Wazungu na Waafrika, watu wengi waliyaona mambo hayo mawili kuwa ni jambo moja. Mwanamke wa Kizungu aliyempenda mtu mweusi alihesabiwa kuwa hana akili timamu.

Mtoto alikabidhiwa kwanza kwa familia ya Kizungu. Ilipobainika kwamba hakuwa mweupe, alirudishwa. Alilelewa na familia ya machotara mjini humo, akikua huku akiamini kwamba mlezi wake ndiye mama yake mzazi.

Mama yake halisi alifariki mwaka 1943 akiwa bado hospitalini. Mtoto hakupata kumjua.

Hukumu ya utotoni

Akiwa na umri wa miaka 12, Bessie alipelekwa shule ya bweni ya wamisionari wa Kianglikana karibu na Durban. Wakati wa likizo ulipofika, aliomba kurudi kwa mama yake kama wenzake.

Kwa mujibu wa simulizi zake, hapo ndipo alipoambiwa kwamba yule hakuwa mama yake, kwamba mama yake alikuwa Mzungu mwendawazimu, na kwamba asipojiangalia naye angepatwa na yale yale.

Waswahili husema mtoto wa nyoka ni nyoka. Ndivyo alivyohukumiwa msichana huyo. Tangu siku ile, kila hasira yake na kila huzuni yake iliweza kuchukuliwa na wengine, na hata na yeye mwenyewe, kuwa dalili za urithi wa mama.

Alisomea ualimu, akafundisha Durban, kisha mwaka 1958 akaingia katika uandishi wa habari, kwanza Cape Town na baadaye Johannesburg. Mwaka 1960 alijiunga na chama cha Pan Africanist Congress kilichoongozwa na Robert Sobukwe. Alikamatwa kwa muda mfupi, na mwaka huo huo alijaribu kujitoa uhai.

Mwaka 1961 aliolewa na mwandishi wa habari, Harold Head, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wa kiume. Ndoa hiyo haikudumu.

Ukimbizini Serowe

Machi mwaka 1964, Bessie Head aliondoka Afrika Kusini kwa kibali cha kutoka bila ruhusa ya kurudi. Alimchukua mwanawe, aliyekuwa hajatimiza miaka miwili, akaenda kufundisha katika kijiji kikubwa cha Serowe, huko Bechuanaland, nchi ambayo mwaka 1966 ilipata uhuru na kuitwa Botswana.

Mwaka huo huo wa 1964, jarida la Transition lililokuwa likichapishwa Kampala, Uganda, lilitoa maandishi yake. Wasomaji wa Afrika Mashariki walikuwa miongoni mwa wa kwanza kumsoma.

Maisha ya ukimbizi hayakuwa rahisi. Mwishoni mwa mwaka 1965 alipoteza kazi yake baada ya mgogoro na mkuu wa shule. Alilazimika kuripoti polisi mara kwa mara kama mkimbizi, bila uraia wala pasipoti. Hakujua vyema Kisetswana, na rangi yake ilimfanya aonekane mgeni.

Riwaya yake ya kwanza, When Rain Clouds Gather, ilipotoka mwaka 1968, fedha alizopata zilimwezesha kujenga nyumba ndogo kijijini. Aliipa jina la Rain Clouds, yaani mawingu ya mvua.

Karatasi kwenye ukuta wa posta

Ilikuwa ndani ya nyumba hiyo ugonjwa ulipomfikia. Usiku alisikia sauti na kuwaona watu ambao wengine hawakuwaona. Aliamini kwamba alikuwa akiteswa, na kwamba watu waliomzunguka walimchukia.

Mapema mwaka 1971 alibandika karatasi kwenye ukuta wa ofisi ya posta ya Serowe. Ndani yake alimtuhumu Rais Seretse Khama kwa mambo mazito yasiyokuwa na msingi wowote.

Huyo alikuwa rais ambaye mwenyewe alipata kufukuzwa nchini mwake na Waingereza kwa sababu ya kumwoa mwanamke wa Kizungu, Ruth Williams, mjini London mwaka 1948. Katika hali ya uzima, Bessie Head angelijua hilo kuliko mtu yeyote.

Hakupelekwa gerezani. Alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Lobatse, kusini mwa nchi, akakaa huko kwa miezi kadhaa. Mwanawe alibaki Serowe akitunzwa na marafiki.

Utabiri aliopewa akiwa mtoto ulionekana kutimia. Alikuwa na umri wa miaka 33, na kama mama yake, alikuwa nyuma ya milango ya hospitali ya wagonjwa wa akili.

Hapo ndipo njia za mama na binti zilipoachana. Mama hakutoka. Binti alirudi kijijini.

Kurudi bustanini

Kurudi kulikuwa na uzito wake. Kijiji kizima kilifahamu habari ya karatasi ile. Mtu aliyetoka hospitali ya namna hiyo hutazamwa kwa jicho jingine. Watu humwogopa, au humhurumia, na mara nyingi wote hungoja augue tena.

Bessie Head hakuhama, wala hakujifanya kwamba hakuna lililotokea. Aliketi akaandika. Riwaya yake A Question of Power, iliyotoka mwaka 1973 baada ya kukataliwa na wachapishaji kadhaa, inamhusu mwanamke aitwaye Elizabeth, mkimbizi kutoka Afrika Kusini, aliyezaliwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na ambaye naye anaugua.

Mwandishi hakuficha kwamba kisa hicho kilikuwa karibu sana na maisha yake mwenyewe. Kwa mwanamke wa Kiafrika wa wakati ule, mkimbizi asiye na nchi na mlezi wa mtoto, kuutangaza ugonjwa wa akili kwa jina lake halisi lilikuwa jambo la kuhatarisha kila kitu.

Ndani ya riwaya hiyo mna bustani ya mboga ya ushirika, mfano wa ile ambayo Bessie Head mwenyewe alifanya kazi pamoja na wanawake wa Serowe. Elizabeth anapokuwa hospitalini, mwenzake wa bustanini, mwanamke wa kijijini asiye na maneno mengi, anaendelea kuandika katika daftari hesabu za mauzo ya mboga. Elizabeth anaporudi, daftari linamngoja, na kazi inamngoja.

Mwenzake huyo hamdai maelezo. Anamhitaji shambani.

Pengine hilo ndilo jambo kubwa ambalo kitabu hicho kinawaeleza walio na mgonjwa nyumbani. Dawa na daktari vina nafasi yake, lakini mgonjwa anahitaji pia mahali pa kurudia, na mtu ambaye bado anamwona kuwa na thamani.

Miaka ya mwisho

Aliendelea kuandika. Mwaka 1977 ilitoka The Collector of Treasures, mkusanyiko wa hadithi fupi kuhusu maisha ya vijijini, na mwaka 1981 kikafuata kitabu cha historia ya Serowe, alichokiandika kutokana na mahojiano na wakazi wenyewe. Mwaka 1979, baada ya kukataliwa miaka miwili kabla, alipewa uraia wa Botswana.

Haikuwa nafuu isiyo na dosari. Upweke, ukosefu wa fedha na pombe viliitia giza miaka yake ya mwisho. Alifariki tarehe 17 Aprili mwaka 1986 kwa ugonjwa wa ini, akiwa na umri wa miaka 48, akazikwa Serowe. Barua na miswada yake imehifadhiwa katika makumbusho ya Khama III kijijini humo.

Mwaka 2003 serikali ya Afrika Kusini, nchi iliyomruhusu kutoka na kumkataza kurudi, ilimtunuku Nishani ya Ikhamanga ya dhahabu.

Na mjini Pietermaritzburg, alikozaliwa katika wodi ya wagonjwa wa akili, maktaba kuu ya umma ilipewa jina la Bessie Head mwaka 2007. Jina hilo la Bessie ni la mama yake pia.