Aliyewahi viwanda kabla ya nyundo

Kiwanda alichofanyia kazi marehemu baba yangu leo ni magugu matupu. Mabati yaliuzwa, mashine zikapakiwa kwenye malori ya vyuma chakavu, na king'ora kilichokuwa kikiamsha mtaa mzima hakisikiki tena. Juzi mwanangu aliniuliza babu yake alikuwa akifanya kazi wapi. Nilimwonyesha kwa kidole mahali ambapo hapana kitu.

Nikamkumbuka Bernd Becher, Mjerumani ambaye yalimfika haya haya, ila yeye hakukaa akatazama.

Becher alizaliwa mwaka 1931 huko Siegen, mji wa migodi ya chuma na matanuri ya kuyeyushia. Alijifunza kwanza kazi ya kupaka rangi na kupamba nyumba, kisha akaenda Stuttgart kusomea sanaa, na baadaye Düsseldorf. Katika miaka ya 1950 migodi ya kwao ikaanza kufungwa. Kijana akachukua penseli na karatasi, akaenda kuchora mgodi mmoja wa karibu na kwao. Lakini yeye alikuwa akichora polepole, na wabomoaji walikuwa na haraka. Kila alipoinua macho, kipande kimeshaondoka. Ndipo akashika kamera ndogo, apate angalau picha za kumsaidia kumalizia michoro. Mwisho wake picha zikawa ndiyo kazi yenyewe.

Mwaka 1957, mjini Düsseldorf, alikutana na Hilla Wobeser, binti wa Potsdam aliyekuwa amesomea upigaji picha. Tuseme haki: fundi wa kamera alikuwa Hilla. Walianza kufanya kazi pamoja mwaka 1959 na wakaoana mwaka 1961. Tangu hapo, ukisikia kazi ya Becher, jua ni ya watu wawili.

Kamera yao haikuwa ya kutia mfukoni. Ilikuwa kubwa, yenye mvukuto katikati, imekaa juu ya miguu mitatu. Mpiga picha hujifunika kitambaa cheusi, akatazama kioo cha nyuma, na humo jengo huonekana limepinduka juu chini. Filamu yake si mkanda, ni kipande kimoja kimoja cha sentimita 13 kwa 18, na kila kipande ni picha moja. Ukikosea, umepoteza kipande kizima. Faida yake ni kwamba kila tofali na kila msumari huonekana. Tena lenzi yake huweza kupandishwa bila kuinamisha kamera, na kwa hiyo mnara mrefu husimama wima pichani, hauonekani kama unaangukia nyuma.

Bernd na Hilla walisubiri siku za mawingu, maana jua kali huleta vivuli vinavyoficha umbo. Walipanda ngazi au kilima cha jirani ili walitazame jengo usawa wa katikati yake. Kisha walisimama kimya sekunde kadhaa huku filamu ikipokea mwanga. Wakapiga minara ya maji, matangi ya gesi, matanuri na minara ya migodi, Ujerumani, Ubelgiji, Ufaransa, Uingereza hadi Marekani. Nyumbani walizipanga picha za vitu vya aina moja pamoja, safu kwa safu, kama picha za watu wa ukoo mmoja: wamefanana, lakini kila mmoja ana sura yake.

Kitabu chao cha kwanza kilitoka mwaka 1970. Mwaka 1990, katika maonyesho ya Venice, walipewa tuzo ya uchongaji, na hali hawakuchonga kitu. Bernd alifundisha chuoni Düsseldorf kuanzia mwaka 1976, na mikononi mwao walipita wapiga picha wakubwa kama Andreas Gursky na Candida Höfer.

Lakini mimi linalonigusa zaidi ni habari ya Dortmund. Huko kulikuwa na mgodi wa makaa ya mawe uitwao Zollern, na ukumbi wake wa mashine ulikuwa hatarini kubomolewa. Watu wakausemea, kina Becher wakiwa miongoni mwao pamoja na picha zao, na mwaka 1969 ukawekwa chini ya ulinzi. Leo mahali hapo ni makumbusho, na wajukuu wa wachimbaji huenda kutazama walipotokwa jasho babu zao.

Bernd alifariki mwaka 2007. Hilla akamfuata mwaka 2015.

Ila nina neno moja nao. Katika picha zao karibu hutaona mtu. Walitaka jengo lijisemee lenyewe, na nafahamu sababu yao. Lakini sisi huku pwani mahali hukumbukwa kwa watu wake: nani alikuwa fundi, nani alikuwa akipika chai, nani alikatwa kidole na mashine akarudi kazini baada ya wiki. Picha ya ukuta pasi na majina hayo, kwangu ni nusu ya kazi.

Basi, wewe unayepita kila siku mbele ya ghala la zamani, karakana au kiwanda kilichofungwa, huhitaji kamera ya miguu mitatu. Omba ruhusa kwa mwenyewe, ngoja siku ya mawingu, upige picha mbele, ubavuni na nyuma kwa simu yako. Kisha mpelekee mzee aliyefanya kazi pale, ukae naye, uandike kila jina atakalolitaja. Fanya wiki hii, kwa sababu malori ya vyuma chakavu hayatoi taarifa.

Baba yangu alikuwa akizijua mashine zote za kiwanda kile na watu walioziendesha. Nilikuwa na kalamu na nilikuwa na nafasi. Sikumuuliza.