Jackie Morkel: Nyota wa Springboks aliyefia vitani huku kwetu

KILWA Masoko na Lindi ni nchi ya soka. Raga wengi huiona kwenye runinga tu. Lakini vita ile ya Mjerumani na Mwingereza, iliyofika mpaka pwani hii, iliondoka na mmoja wa nyota wakubwa wa raga wa enzi zake.

Ni Jan Willem Hurter Morkel, maarufu kama Jackie, aliyezaliwa Novemba 1890 Somerset West, Afrika Kusini. Kwao raga ilikuwa mambo ya ukoo. Springboks walipokwenda Ulaya mwaka 1912, akina Morkel kikosini walikuwa wanne: Jackie, Boy, Dougie na Gerhard.

Jackie alicheza senta, na mechi zote tano za kimataifa za ziara ile alikuwamo. Scotland ililala 16-0. Wiki moja baadaye, Dublin, Ireland ikachapwa 38-0, Jackie akifunga trai mbili. Wales ilikaza, ikafa 3-0.

Januari 4, 1913 ikawa zamu ya England pale Twickenham, uwanja ambao wenyeji walikuwa hawajawahi kufungwa. Ronald Poulton aliifungia England trai moja. Jackie naye akafunga ya kwake, Dougie akaongeza penalti mbili, mchezo ukaisha 9-3. Ufaransa ikamalizia orodha kwa kipigo cha 38-5.

Jackie alikuwa na miaka 22 tu, na hakuvaa tena jezi ya taifa. Mwaka 1914 vita ikalipuka. Poulton aliuawa Ubelgiji Mei 1915. Jackie akaletwa huku na wapanda farasi wa Jenerali van Deventer, waliotoka Arusha Aprili 1916 kwenda Kondoa Irangi katikati ya masika. Matope, njaa, farasi wakifa njiani. Jamaa aliyewashinda mabeki wa Ulaya hakuangushwa na risasi, bali na kuhara damu. Alifariki Mei 15, 1916, akiwa na miaka 25.

Vita haikukoma. Septemba mwaka uleule Waingereza waliichukua Kilwa, na Oktoba 1917 damu nyingi ikamwagika Mahiwa, Lindi. Maradhi na njaa viliwamaliza maelfu ya wapagazi Waafrika, wengi wao bila hata majina yao kuandikwa.

Jina la Jackie lenyewe limebaki kwenye vitabu vya raga: mechi tano, ushindi mara tano.